Leseni hufuata kilichomo kifurushini: mwongozo kamili wa kutoa programu huria iliyobeba msimbo wa wengine

Mwaka juzi nilikuwa natayarisha toleo la kwanza la programu ndogo ya kutunza hesabu za kikoba. Msimbo wangu nilishauwekea leseni ya MIT, leseni huria fupi isiyo na masharti mengi, faili ya LICENSE imekaa pale juu, nimeridhika. Usiku wa kuamkia siku ya kutoa nikafungua kifurushi chenyewe, kile ambacho watu wangekipakua, si folda niliyozoea kufanyia kazi. Humo nikakuta faili iitwayo tarehe.js, mistari mia mbili na ushee, haina jina la mwandishi wala neno lolote la hakimiliki. Sikuiandika mimi. Mwenzangu naye akasema si yake, aliikuta kwenye mradi wa zamani akaihamisha kwa kuwa inafanya kazi. Kilichotuokoa ni jina la kigeu kimoja lililokosewa herufi. Nililitafuta mtandaoni lilivyo, na kosa lake, nikaangukia maktaba ya mtu yenye leseni ya BSD ya vifungu vitatu, nyepesi kama MIT. Ilani yake ya hakimiliki ilikuwepo tangu awali. Kuna mtu njiani aliikata.

Tangu siku hiyo nafuata njia moja: sianzi na orodha ya vitegemezi, yaani maktaba za nje ambazo programu inazitumia, naanza na kifurushi. Masharti mengi ya leseni huria huamka pale unapompa mtu mwingine nakala. Kilichomo ndani ya nakala hiyo ndicho unachodaiwa. Hatua zifuatazo zimepangwa kwa mtazamo huo, na zinamfaa mtu mmoja mwenye mradi mdogo kama zinavyoifaa timu.

Kabla ya yote: "nimeikuta mtandaoni" si ruhusa

Chini ya Mkataba wa Berne, hakimiliki huzaliwa pamoja na kazi. Mwandishi hahitaji kusajili kitu, wala kuandika alama yoyote. Sheria za hakimiliki za Tanzania na Kenya zote zinataja programu za kompyuta kuwa kazi zinazolindwa. Kwa hiyo msimbo usio na leseni umefungwa, hata kama kila mtu anausoma. Masharti ya GitHub yanawapa watumiaji wengine haki ya kuutazama msimbo wa hadharani na kujitengenezea nakala humo humo GitHub. Kuuchukua ukauweka kwenye bidhaa yako ni jambo jingine kabisa.

Ukikuta msimbo mzuri usio na leseni, muulize mwenyewe, hadharani, kwenye ukurasa wa mradi wake: je, unaweza kuongeza faili ya leseni? Wengi ni usahaulifu tu, hukubali. Akikataa au akinyamaza, andika wako.

Na usidhani haya ni maneno ya makaratasi tu. Mwaka 2008 mahakama ya rufaa ya shirikisho huko Marekani iliamua kesi ya Jacobsen dhidi ya Katzer, iliyohusu programu ya kuendeshea treni za kuchezea. Upande mmoja ulichukua faili za mradi huria bila kutaja waandishi. Mahakama ikasema masharti ya leseni huria ni masharti ya kweli ya hakimiliki. Ukiyavunja, unaweza kushtakiwa kwa kukiuka hakimiliki, hata kama msimbo ulitolewa bure.

Hatua ya 1: kifungue kifurushi

Tengeneza kifurushi kama utakavyokitoa, kipeleke kwenye folda tupu, kisha ukifungue kama mgeni:

tar -xzf kikoba-1.0.0.tar.gz
grep -rIilE 'copyright|license|\(c\)' .
find . -name '*.min.js' -o -name '*.jar' -o -name '*.ttf' -o -name '*.so'

Amri ya pili inakuonyesha faili zinazojitaja. Ya tatu inakuonyesha zile zilizokuja zimeshapikwa, ambazo mara nyingi hazikutoka mikononi mwako. Baada ya hapo tembea folda kwa folda ukitafuta zile zilizonyamaza, kama ile tarehe.js yangu. Mtindo wa kuandika ukibadilika ghafla, nafasi nne zikawa mbili, maelezo yakageuka Kireno, simama hapo. Amri ya git log --follow ikipewa jina la faili itakuonyesha ilianza lini. Faili iliyoingia siku moja ikiwa nzima, mistari mia tatu kwa mpigo, ina asili mahali.

Kama unatoa vifurushi viwili, rudia zoezi mara mbili. Kifurushi cha msimbo chanzo huenda hakina maktaba hata moja ya nje ndani yake, kina majina yake tu kwenye package.json. Lakini APK unayomtumia mtu, ile faili ya kusakinisha programu ya Android, au faili moja kubwa ya lugha ya Go, imezimeza zote. Imeji ya Docker, ambayo hubeba programu pamoja na mfumo wake wa chini, ndiyo mbaya zaidi: ukiijenga juu ya Alpine, Linux ndogo, umebeba BusyBox, mkusanyiko wa amri zake, na BusyBox ni GPL toleo la 2, leseni inayotaka anayesambaza programu atoe na msimbo chanzo wake. Ukiisambaza imeji hiyo, umesambaza BusyBox.

Hatua ya 2: daftari la vilivyomo

Fungua jedwali la kawaida. Kwa kila kitu ambacho si chako, andika jina, toleo kamili, ulikokitoa, mwenye hakimiliki, leseni, mahali kilipo ndani ya kifurushi, na kama umekibadilisha. Mstari wangu wa ile faili, nikiacha jina la mwandishi na nilikoitoa, ulikuja kuwa hivi:

tarehe.js | toleo halijulikani, limelinganishwa na 0.4 | BSD-3-Clause | static/js/ | imebadilishwa: majina ya miezi kwa Kiswahili

Kwa majina ya leseni tumia vifupisho vya SPDX, orodha inayotunzwa chini ya Linux Foundation, ambayo muundo wake ulipitishwa kuwa kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 5962:2021. Ukiandika "GPL" peke yake hujaandika kitu. GPL-2.0-only na GPL-2.0-or-later zinatofautiana kwa neno moja, na neno hilo linaweza kuamua kama toleo lako linawezekana au la. "BSD" nayo iko ya vifungu viwili, vitatu na vinne; ile ya vinne ilidai kila tangazo la bidhaa litaje waandishi, na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chenyewe kilikiondoa kifungu hicho mwaka 1999.

Kwenye safu ya toleo usilegee. Leseni ni ya toleo, si ya jina. React, maktaba ya JavaScript, ilikuwa na leseni ya BSD iliyoambatana na karatasi ya hataza (patent) iliyowakera wengi. Septemba 2017 ikahamia MIT. Terraform, zana ya kusimamia seva, ilikuwa MPL 2.0, leseni huria, hadi Agosti 2023, HashiCorp ilipotangaza kwamba matoleo yajayo yatakuwa chini ya leseni ya Business Source, ambayo si leseni huria. OpenSSL ikawa Apache 2.0 kuanzia toleo la 3.0. Kwa hiyo soma faili ya leseni iliyomo ndani ya toleo ulilolibeba, si ile iliyoko leo kwenye ukurasa wa mradi.

Vitegemezi vya vitegemezi navyo vinahesabika, mradi vimo kifurushini. Hapa usihesabu kwa mkono. pip-licenses kwa Python, go-licenses kwa Go, cargo-deny kwa Rust, zote zitakutolea orodha. Ichukue kama mwanzo tu, maana zinaamini kile mwandishi alichotangaza, na mwandishi anaweza kuwa amekosea.

Hatua ya 3: panga kwenye makapu matatu

Mimi naazima mpangilio wa Apache Software Foundation, shirika linalosimamia miradi mingi huria, kwa sababu wameutumia miaka mingi na wameuandika wazi. Kapu lao la A lina leseni zisizo na makuu: MIT, BSD ya vifungu viwili na vitatu, ISC, Apache 2.0 yenyewe. Unabeba, unatimiza masharti ya kutaja waandishi, basi. Kapu la B lina zile zinazotaka mabadiliko ya faili zao yabaki chini ya leseni ileile: MPL, EPL, CDDL. Wao huziruhusu hasa zikiwa zimekompailiwa, yaani zimeshageuzwa kuwa faili za mashine, ili mtumiaji asiziguse bila kujua. Kapu la X ni marufuku ndani ya matoleo yao: GPL, LGPL, AGPL, BSD ya vifungu vinne, na leseni yoyote inayokataza matumizi ya biashara.

Humo kapu la X imo pia leseni ya JSON, ambayo ni kama MIT ila imeongezewa sentensi inayotaka programu itumike kwa wema, si kwa uovu. Watu hucheka wakiisoma. Lakini sharti lisilopimika ni sharti, na leseni inayobagua matumizi haikidhi maana ya chanzo huria. Apache waliipiga marufuku mwaka 2016, na miradi kadhaa ikalazimika kung'oa maktaba ndogo ambayo hakuna aliyeifikiria kwa miaka.

Makapu hayo ni ya wao. Yako yanategemea leseni uliyoichagua. Kama mradi wako ni GPL toleo la 3, basi maktaba ya GPL si marufuku kwako hata kidogo. Ukijenga moduli ya OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa, ambayo ni MPL 2.0 yenye nyongeza ya kanusho la huduma za afya, au ukachukua faili za DHIS2, mfumo wa takwimu za afya, ambayo ni BSD ya vifungu vitatu, maswali yako ni tofauti kabisa na ya mtu wa Apache. Cha kushika ni kwamba ulinganifu wa leseni huenda upande mmoja, kama mto. Msimbo wa MIT unaweza kuingia kwenye mradi wa GPL. Wa GPL ukiingia kwenye mradi wa MIT, msimbo wako binafsi unaweza kubaki MIT, lakini kifurushi kizima unachokisambaza lazima kitimize GPL. Apache 2.0 inaingia GPL toleo la 3. Kwa mujibu wa Free Software Foundation haiingii kwenye ile ya toleo la 2 pekee.

Mitego miwili huwanasa watu wazoefu. LGPL inakubali kutumiwa na programu ya leseni nyingine, lakini mtumiaji awe na uwezo wa kuibadilisha maktaba hiyo na kuiunganisha upya. Kwenye lugha kama Go, ambako kila kitu hushonwa ndani ya faili moja, sharti hilo huwa gumu kulitimiza. Na AGPL haingoji umpe mtu nakala: ukiibadilisha na watu wakaitumia kupitia mtandao, unapaswa kuwapa njia ya kupata msimbo wa toleo hilo ulilolibadilisha. Ndiyo pekee kati ya leseni kubwa inayovunja ile kanuni yangu ya kifurushi.

Hatua ya 4: andika LICENSE na NOTICE

Hapa ndipo matoleo mengi hukwama, hata ya watu wenye nia njema.

LICENSE inabeba kwanza leseni yako, nzima, bila kuigusa. Usiitafsiri. Ukitaka kuwaeleza wasomaji wako kwa Kiswahili, eleza kwenye README na useme wazi kwamba maandishi ya asili ndiyo yenye nguvu. Chini ya leseni yako, orodhesha kila kitu cha wengine kilichomo kwenye kifurushi hicho. Ama unabandika leseni yake yote hapo, ama unaielekeza kwenye faili iliyomo ndani ya kifurushi:

Kifurushi hiki kina tarehe.js (static/js/tarehe.js), BSD-3-Clause. Tazama LICENSES/tarehe.txt.

Ndani ya hiyo tarehe.txt kuna mstari wa hakimiliki wa mwandishi kama alivyouandika, mwaka wake, jina lake, na maandishi ya leseni. Mstari huo ndio watu husahau. Hupakua maandishi ya MIT kutoka tovuti yoyote, yenye mabano matupu mahali pa jina, wakadhani wamemaliza. MIT inadai vitu viwili kwenye kila nakala: ilani ya hakimiliki na ilani ya ruhusa. Mabano matupu si ilani ya mtu yeyote.

NOTICE ni kitu kingine. Inatokana na Apache 2.0, ya Januari 2004, kifungu cha 4. Kama maktaba ya Apache uliyoibeba ina faili ya NOTICE, unapaswa kupeleka mbele zile sehemu zinazohusu ulichokibeba. Kama haina, huna cha kunakili. Ilani za MIT na BSD hazina haja ya kwenda huko. Mahali pake ni LICENSE. Nimeona NOTICE za kurasa kumi, shukrani kwa kila mtu tangu mwalimu wa darasa la kwanza. Tatizo lake ni kwamba kila anayetumia kazi yako atalazimika kubeba mzigo huohuo naye ampe anayefuata. Iache fupi.

Kama kifurushi cha msimbo na kile kilichokompailiwa vina vitu tofauti, viwe na LICENSE tofauti. Kutaja maktaba ambayo haimo ni kosa dogo kuliko kuacha kutaja iliyomo, lakini ni kosa: unamwambia mtumiaji ana madeni ambayo hana.

Na ukibeba kitu cha GPL kilichokompailiwa, weka msimbo chanzo wa toleo lilelile mahali palepale anapopakulia. Ipo njia ya ahadi ya maandishi ya miaka mitatu, ila miaka mitatu ni mirefu kwa mtu anayebadilisha seva kila mwaka.

Hatua ya 5: vichwa vya faili

Usiondoe kichwa cha hakimiliki kwenye faili ya mwingine, usikibadilishe, usibandike chako juu yake. Ukiibadilisha faili ya Apache 2.0, leseni inataka iwe na tamko linaloonekana kwamba umeibadilisha. Mstari mmoja unatosha. Faili zako mwenyewe zipe mstari wa SPDX-License-Identifier juu kabisa, ili asitokee mtu wa kukesha nazo kama nilivyokesha mimi. Msimbo wa wengine uweke kwenye folda yake, vendor au third_party, usiuchanganye na wako.

Angalia pia zana zinazobana JavaScript. Terser huacha maelezo yanayoanza na /*! au yenye @license, na webpack huyatoa kwenye faili ya pembeni yenye jina linaloishia na LICENSE.txt. Watu huiona faili hiyo kwenye folda, wakaiona takataka, wakaifuta kabla ya kupakia kwenye seva.

Hatua ya 6: visivyo msimbo

Tarehe 24 Machi 2021, miradi mingi ya Ruby on Rails, mfumo wa kujengea programu za wavuti, ilikataa kujengeka. Sababu ilikuwa mimemagic, maktaba ndogo ya kutambua aina za faili, iliyojitangaza kuwa MIT. Ndani yake kulikuwa na faili moja ya data, freedesktop.org.xml, kutoka mradi wa shared-mime-info ulio chini ya GPL. Mtunzaji alipoarifiwa, alibadilisha leseni ya maktaba kuwa GPL na kuyaondoa matoleo ya zamani kwenye RubyGems, ghala la maktaba za Ruby. Rails ni MIT na ilikuwa inaitegemea kupitia maktaba nyingine. Siku chache baadaye wakatoa matoleo mapya yanayotumia data ya Apache Tika badala yake. Faili moja ya XML, si hata mstari wa msimbo.

Basi pitia data, picha, fonti na ramani kwa jicho lilelile. Fonti nyingi za bure ziko chini ya SIL Open Font License (OFL): unaweza kuzibeba pamoja na programu, na ilani yake, ila usiziuze peke yake, wala usitumie jina lililohifadhiwa ukiibadilisha fonti. Font Awesome ya bure ina leseni tatu ndani ya kifurushi kimoja: aikoni ni CC BY 4.0, leseni ya Creative Commons inayotaka mwandishi atajwe, fonti ni OFL, msimbo ni MIT. Data ya ramani ya OpenStreetMap iko chini ya ODbL, leseni ya hifadhidata, tangu Septemba 2012, na inataka itajwe. Vipande vya msimbo vya Stack Overflow ni CC BY-SA, inayotaka pia kazi iliyobadilishwa ibaki chini ya leseni ileile, toleo likitegemea tarehe ya chapisho; vya kuanzia Mei 2018 ni 4.0. Mistari mitatu ya kawaida haina shida. Algoriti nzima uliyoinakili, ama uiandike upya kwa akili yako, ama ubebe masharti yake.

Hatua ya 7: mtu mwingine atazame

Apache RAT itakutajia faili zisizo na kichwa cha leseni. ScanCode huchimba zaidi, hulinganisha maandishi yenyewe na leseni inazozijua. Zana ya REUSE ya Free Software Foundation Europe hukagua kama kila faili, hata picha, ina leseni iliyotajwa. Endesha moja kwenye kila badiliko linaloingia.

Kisha mpe binadamu. Huko Apache toleo halitoki bila angalau kura tatu za ndiyo za wanakamati wa mradi, na kwa kawaida kura hukaa wazi saa 72, watu wakipakua na kukagua LICENSE na NOTICE. Sisi tuko wawili, kwa hiyo kanuni yetu ni kwamba aliyetengeneza kifurushi hakikagui. Kwa wachangiaji wa nje tumeazima utaratibu wa kernel ya Linux, ulioanza 2004: kila badiliko hutiwa sahihi kwa git commit -s, mchangiaji akithibitisha ana haki ya kuutoa msimbo huo.

Hatua ya 8: barua ikija

Siku moja mtu atakuandikia kwamba umebeba kazi yake bila ilani. Usibishane kwanza. Mjibu siku hiyohiyo kwamba umepokea, kisha fungua toleo analolitaja na utazame. Chini ya GPL toleo la 3, kama ni mara yako ya kwanza kuonywa na mwenye haki huyo, ukirekebisha ndani ya siku 30 tangu kupata taarifa haki zako hurudi. Toleo la 2 halina nafasi hiyo ndani yake, ndiyo maana watengenezaji wengi wa kernel ya Linux walitoa tamko Oktoba 2017 wakiahidi kuifuata pia.

Usifute toleo lenye kosa kimyakimya, kama ilivyotokea kwa mimemagic, watu wanaolitegemea wataangukiwa na ukuta. Toa 1.0.1 yenye ilani iliyokamilika, andika kwenye orodha ya mabadiliko ni nini kilikosekana, weka onyo kwenye ukurasa wa 1.0.0. Halafu mwandikie yule mtu tena, mpe kiungo cha faili ya LICENSE, na umwombe aangalie kama jina lake limeandikwa anavyotaka.